Kidole cha Bob Marley: saratani ya ngozi inayojificha miguuni

Picha yake unaiona karibu kila siku: kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye ukuta wa kinyozi, kwenye fulana ya kijana wako. Nyimbo zake unazijua hata kama hujawahi kununua kanda. Lakini ukiuliza mtaani Bob Marley alikufa kwa nini, utapewa majibu matatu au manne yasiyofanana. Mmoja atasema alipigwa risasi. Mwingine atasema bangi ilimmaliza. Wa tatu, anayejua zaidi kidogo, atakwambia alikanyagwa mguu akicheza mpira na kidonda kikamuua.

Bob Marley alikufa kwa melanoma. Ni aina ya saratani ya ngozi, na kwake ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikuwa na miaka 36.

Tunakusimulia maisha yake wewe mama, na wewe unayelea au kumtunza mtu nyumbani, kwa sababu moja. Miguu ya watu wa nyumba yako inapita mikononi mwako. Unawaosha watoto, unamkata bibi kucha, unamtoa mumeo mwiba unyayoni. Daktari anaiona miguu hiyo mara moja kwa miaka kadhaa, tena kama imeuma. Wewe unaiona kila wiki.

Mtoto wa Cedella

Mama yake aliitwa Cedella Malcolm. Alikuwa msichana wa miaka 18 alipomzaa, tarehe 6 Februari 1945, katika kijiji cha Nine Mile huko Saint Ann, Jamaika. Baba, Norval Marley, alikuwa Mzungu wa umri wa kumzidi sana, na hakukaa. Mtoto alimwona mara chache mno, na Norval akafariki mwaka 1955. Kwa hiyo Bob alilelewa na mama na ukoo wa mama. Babu yake, Omeriah, alikuwa mkulima wa kuheshimika pale kijijini na watu walimfuata kwa dawa za miti shamba. Tukio hili la babu liweke akilini, maana mtu aliyekulia kwenye nyumba ya mganga wa mitishamba hakimbilii kisu cha daktari.

Baadaye mama na mwana walihamia Kingston, wakaishi Trench Town, mtaa wa maskini ambao leo unajulikana dunia nzima kwa sababu ya nyimbo zake. Pale yeye na vijana wenzake, Peter Tosh na Bunny Wailer, walianzisha kundi la Wailers. Mama yake alikwenda Marekani kutafuta maisha, katika jimbo la Delaware, na kijana akabaki. Mwaka 1966 alimwoa Rita, kisha akamfuata mama yake Delaware kwa miezi michache, akafanya vibarua, akarudi Jamaika. Miaka hiyo ndiyo aliyoingia katika imani ya Rastafari. Imani hiyo ilimfundisha kwamba mwili wa mtu usikatwe wala kupunguzwa. Tutalirudia hili.

Umaarufu wake tuupitie haraka, wengine wameshauandika vizuri. Albamu ya Catch a Fire ilitoka 1973 na kumfungulia milango ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1976, tarehe 3 Desemba, watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake Kingston wakamjeruhi yeye na mkewe. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani akaimba. Hapo ndipo inapotoka ile hadithi ya risasi. Risasi zilimjeruhi, hazikumuua. Alihamia London mwanzoni mwa 1977, akatoa Exodus, na akaanza ziara ya Ulaya.

Mechi ya Paris

Bob alipenda mpira kuliko kitu chochote baada ya muziki. Kila mji aliofika alitafuta uwanja. Mei 1977, akiwa Paris, alicheza mechi ya kirafiki na akaumizwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Ukucha uling'oka. Aliendelea na ziara huku anachechemea, kidole kikiwa kimefungwa bandeji. Kidole hicho kilikuwa kimewahi kuumia kabla, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba kinasumbua tena.

Lakini hakikupona. Mwezi wa Julai madaktari walikichunguza, na kilichopatikana chini ya ukucha hakikuwa jeraha la mpira. Kilikuwa melanoma.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mpira haukumpa Bob saratani. Melanoma huanza kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi yetu. Chembe hizo zipo mwilini mwote, na zipo pia kwenye mzizi wa ukucha, kwenye viganja na kwenye nyayo. Zinapoharibika zikaanza kuongezeka bila mpango, hiyo ndiyo melanoma. Jeraha la Paris lilifanya kidole kiangaliwe, na wakati huohuo likawapa watu sababu ya kutokuwa na wasiwasi. Fikiria mwenyewe. Mtu amekanyagwa, ukucha umetoka, kidole ni cheusi na kina maji. Nani angefikiria saratani?

Jambo hilohilo linatokea majumbani kwetu. Mzee ana doa jeusi unyayoni, anasema alikanyaga msumari shambani miaka ile. Shangazi ana ukucha mweusi, anasema alijigonga na jiwe. Na huenda ni kweli alijigonga. Ila jeraha lina muda wake wa kupona, na hili ndilo la kushika: damu iliyovilia chini ya ukucha husogea mbele jinsi ukucha unavyokua, mpaka inafika ncha na kukatwa. Ukucha wa kidole cha mkono huchukua takriban miezi sita kukua wote. Wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Kama weusi unasogea mbele na nyuma yake ukucha unakuja safi, hiyo ni damu, itaondoka. Kama weusi umekaa palepale kuanzia kwenye shina la ukucha, hausogei au unapanuka, usikubali tena hadithi ya jiwe. Piga picha kwa simu leo, piga nyingine baada ya wiki nne, ulinganishe.

Kwa nini mtu mweusi?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi. Je, saratani ya ngozi si ugonjwa wa Wazungu na wa ndugu zetu wenye ualbino?

Ni kweli kwamba ngozi yenye rangi nyingi inajikinga vizuri na jua, na ndiyo maana melanoma ni nadra kwetu ukilinganisha na kwa watu weupe. Ni kweli pia kwamba mtoto mwenye ualbino yuko katika hatari kubwa ya saratani za ngozi zinazoletwa na jua, usoni, masikioni, shingoni, na anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua tangu akiwa mdogo. Hospitali ya KCMC pale Moshi imekuwa ikitengeneza mafuta hayo kwa ajili yao. Usiyachanganye mambo haya mawili.

Aina ya melanoma iliyompata Bob Marley haitokani na jua. Inatokea pale ambapo jua halifiki: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Inawapata watu wa rangi zote, ila kwa sisi wenye ngozi nyeusi hiyo ndiyo aina tunayoipata zaidi. Madaktari wa kanda ya ziwa hapa Tanzania wamewahi kuandika kuhusu wagonjwa wao wa melanoma: wengi waliugua mguuni, na wengi walifika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali. Si kwamba ugonjwa wetu ni mkali kwa kuwa sisi ni weusi tu. Tunauchelewesha, kwa sababu tumeambiwa si wetu, na kwa sababu unakaa mahali ambapo hakuna anayepaangalia.

Bob mwenyewe alikuwa kijana kwa ugonjwa huu. Wengi wanaopata melanoma ya unyayo au ukucha wamevuka miaka 50. Kwa hiyo ukianza kukagua miguu, anza na bibi na babu.

Uamuzi wa 1977

Madaktari walimshauri akatwe kidole. Bob alikataa.

Ni rahisi kumlaumu ukiwa umekaa kwenye kiti miaka mingi baadaye. Sisi hatumlaumu. Alikuwa na miaka 32, mwili wake ulikuwa na nguvu, hakujisikia mgonjwa. Imani yake ilikataza kukatwa kiungo. Na kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya watu na kuruka kwa saa mbili. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba kidole kinachomuuma kidogo tu kinaweza kumuua, anasikia maneno, haoni hatari. Ukiwahi kumshawishi baba mwenye sukari akubali kukatwa kidole kilichooza, unajua tunachosema.

Alikwenda Miami, ambako daktari mwingine alimfanyia upasuaji mdogo zaidi. Ukucha na nyama ya chini yake vilitolewa, ngozi ikachukuliwa pajani na kupandikizwa kidoleni. Sehemu ya Marekani ya ziara ya Exodus ilifutwa ili apumzike. Kidonda kilifunga. Akarudi kucheza mpira.

Je, kama angekubali kukatwa kidole angeishi? Wanaosema ndiyo kwa uhakika wanakwenda mbali kuliko ushahidi. Kinachoamua sana katika melanoma ni kina: imezama milimita ngapi ndani ya ngozi siku inapoondolewa. Ikiwa bado iko juujuu, kuikata pamoja na ukingo wa nyama nzima kwa kawaida kunamponya mtu. Ikishazama, chembe zake zinaweza kuwa zimeshaondoka kupitia mishipa, na hapo kukata kidole au mguu mzima hakuzirudishi. Ndiyo maana siku ya kuona ina uzito kuliko ukubwa wa kisu. Na ndiyo maana mtu aliyewahi kuwa na melanoma anatakiwa kurudi hospitali kila baada ya miezi kadhaa, kwa miaka, hata kama anajisikia mzima kabisa. Mtunzaji ndiye anayekumbuka tarehe hizo. Mgonjwa anayejisikia vizuri husahau, au hujifanya amesahau.

Miaka mitatu ya nguvu

Baada ya upasuaji ilikuja miaka mitatu ambayo ungemwona usingedhani ana ugonjwa wowote. Julai 1978 alizaliwa mtoto wake Damian, mwaka mmoja tangu ugonjwa kugunduliwa. Aprili mwaka huohuo, kwenye tamasha la amani Kingston, aliwapandisha jukwaani mahasimu wawili wa siasa, Michael Manley na Edward Seaga, akawashikisha mikono. Alitoa Kaya, akatoa Survival. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980 alikuwa Zimbabwe, katika uwanja wa Rufaro, bendera mpya ikipandishwa. Juni mwaka huo aliwajaza watu wapatao 100,000 katika uwanja wa San Siro, Milan.

Melanoma inaweza kukaa kimya hivyo. Haiumi. Mwenye nayo anakula, anafanya kazi, anazaa. Tunalisema hili kwa sababu akina mama wengi hupima ugonjwa kwa maumivu: kama haliumi, si kitu. Kwa doa la unyayoni kipimo hicho hakifai.

Septemba 1980 alipiga maonyesho mawili New York. Tarehe 21 asubuhi alitoka kukimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, akaanguka. Vipimo vilionyesha saratani imefika kwenye ubongo, mapafu na ini. Siku mbili baadaye, tarehe 23, alipanda jukwaani Pittsburgh. Likawa onyesho lake la mwisho.

Alitibiwa kwanza New York. Nywele zake, ambazo kwa Rasta ni sehemu ya imani, zilipotea. Novemba alibatizwa katika Kanisa la Orthodox la Ethiopia. Kisha akapelekwa Bavaria, Ujerumani, kwa daktari aitwaye Josef Issels, ambaye tiba zake hazikukubaliwa na madaktari wengi wenzake. Alikaa kule majira yote ya baridi, theluji nje, mtoto wa Nine Mile. Mama yake alikwenda kuwa naye. Cedella, aliyemzaa akiwa na miaka 18, sasa alikuwa anamlisha na kumfunika mwanaume wa miaka 36 aliyekonda.

Mei 1981 ilikuwa wazi kwamba tiba haikusaidia. Bob alitaka kufia nyumbani. Ndege ilianza safari ya kumrudisha Jamaika, lakini hali ikawa mbaya njiani, wakashukia Miami. Alifariki hospitalini pale tarehe 11 Mei. Damian alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Jamaika ilimzika kwa heshima zote za taifa, na mwili ukarudishwa Nine Mile.

Leo zipo dawa zinazoamsha kinga ya mwili kupambana na melanoma iliyosambaa. Za kisasa za aina hiyo zilianza kutumika mwaka 2011. Ni ghali mno, na kwa melanoma ya nyayo na kucha hazifanyi vizuri kama kwa aina nyingine. Kuiona mapema bado ndiyo tiba ya uhakika tuliyo nayo.

Ukikaa na beseni la maji

Chagua siku, mara moja kwa mwezi inatosha. Osha miguu, futa, kaa kwenye mwanga wa mchana. Angalia unyayo wote, kisigino, katikati ya vidole, kisha kucha moja moja. Geuza na viganja. Kama kuna rangi ya kucha, itoe. Na kwa akina mama wa pwani: piko na hina vinapendeza, lakini vinafunika kila kitu. Kabla hujapaka tena, angalia kwanza.

Usishtuke ukiona mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa. Kwa watu weusi ni kawaida kabisa, na huongezeka na umri. Watoto nao hupata mstari kwenye ukucha, na karibu mara zote si saratani. Mwonyeshe mtaalamu, lakini ulale usingizi.

Linalotakiwa kukusumbua ni mstari mmoja peke yake, hasa kidole gumba cha mkono au cha mguu, kwa mtu mzima, ambao umeanza karibuni, unapanuka, una rangi zisizolingana, au weusi wake umevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni. Au ukucha unaopasuka na kutoa damu bila kugongwa. Unyayoni, ni doa jeusi au la kahawia linalokua, lenye kingo zisizo sawa. Ni kidonda kisichofunga kwa wiki kadhaa. Ni kitu ulichodhani ni sugu au chunjua lakini kinatoa majimaji. Wakati mwingine melanoma haina weusi kabisa, ni kinyama chekundu tu. Na ukikuta mtoki kwenye kinena upande wa mguu wenye doa, usingoje mwezi ujao.

Usilichome, usilikate kwa wembe, usilipake asidi ya betri wala dawa ya kuunguza. Nenda zahanati au kituo cha afya, vua kiatu mwenyewe hata kama hujaombwa, na sema wazi: doa hili lilianza lini, limebadilika vipi, na nina wasiwasi linaweza kuwa saratani ya ngozi. Onyesha zile picha za simu. Ukipewa dawa ya fangasi na baada ya muda uliopangwa hakuna mabadiliko, rudi uombe rufaa kwa daktari wa ngozi au wa upasuaji. Yeye atachukua kipande kidogo kipelekwe maabara. Utasikia watu wakisema kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Si kweli. Bila kile kipande hakuna anayeweza kukwambia ni nini.

Na kama mzee wako atakataa kwenda, kwa kuogopa kukatwa, mweleze jinsi mambo yalivyo: doa likiwa dogo, linaloondolewa ni dogo. Nenda naye. Ingia naye chumbani, shika kadi yake, uliza tarehe ya kurudi, iandike ukutani.